Siku nne za Werner Hartenstein

Wapenzi wa historia ya vita wana kawaida ya kuwapima makamanda wa nyambizi za Ujerumani kwa tani za meli walizozamisha, kama mabao ya mpira. Kawaida hiyo inaniudhi sana. Werner Hartenstein, kamanda wa nyambizi U-156, alizamisha meli zipatazo ishirini. Mimi nikimfikiria huyu bwana, nafikiria siku nne tu za Septemba 1942.

Usiku wa tarehe 12 aliipiga meli ya Laconia kwa torpedo katika Atlantiki, kaskazini mashariki ya kisiwa cha Ascension. Ilikuwa meli ya abiria ya Waingereza iliyogeuzwa kubeba askari, na ilikuwa imetoka Suez ikazunguka rasi ya kusini mwa Afrika. Ndani yake mlikuwa na watu karibu 2,700, wakiwemo wanawake na watoto. Kati yao, kiasi cha 1,800 walikuwa mateka wa Kitaliano, waliofungiwa tumboni mwa meli chini ya ulinzi wa Wapolandi wenye bunduki za singe. Wengi wao walifia humo humo, nyuma ya milango iliyofungwa. Hawa ndio ninaowalilia kwanza. Wakubwa waliowaweka pale hawatajwi sana, na kamanda aliyefyatua anatajwa mno.

Nyambizi ilipoibuka, Hartenstein alisikia watu wakiomba msaada kwa Kitaliano. Italia ilikuwa upande wa Ujerumani. Akaanza kuwatoa majini, na asubuhi ya tarehe 13 akatangaza redioni kwa Kiingereza cha wazi, bila msimbo: nipo mahali fulani, meli yoyote itakayokuja kuokoa sitaigusa, mradi nami nisishambuliwe. Kinga ya nyambizi ni kutojulikana ilipo. Yeye aliitoa kinga hiyo kwa hiari yake.

Wapo wanaosema aliwahurumia Wataliano tu, wenzake. Sikubaliani nao. Waingereza nao walipandishwa, wanawake na watoto wakahifadhiwa ndani, wakapewa chakula na kinywaji cha moto, na mashua za uokozi zikafungwa kamba nyuma ya nyambizi zisitawanyike. Huruma iliyoanza kwa jamaa ilivuka ikawafikia maadui.

Tarehe 16 ikaja ndege ya Marekani, B-24, kutoka Ascension. Sitahani palikuwa pametandazwa kitambaa kikubwa chenye msalaba mwekundu. Rubani aliuliza kituoni afanye nini, akaambiwa azamishe. Bomu moja liliangukia watu waliokuwa kwenye mashua. Hartenstein akakata kamba, akawateremsha majini waliokuwa sitahani, akapiga mbizi. Simtakasi: aliyewatumbukiza watu wale baharini mara ya kwanza alikuwa ni yeye. Meli za Wafaransa zilizotoka Afrika Magharibi ndizo zilizowachukua wengi wa walionusurika. Waliokufa walizidi 1,600, wengi wao Wataliano.

Tarehe 17, Admirali Karl Dönitz, mkuu wa nyambizi za Ujerumani, alitoa amri ya kuwakataza makamanda wake kuwaokoa watu wa meli zilizozamishwa. Amri hiyo ilimfuata hadi mahakamani Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Ujerumani baada ya vita. Hata hivyo, Admirali Nimitz wa Marekani alieleza kwa maandishi kwamba nyambizi zao huko Pasifiki zilipigana hivyo hivyo, na kifungo cha Dönitz cha miaka 10 hakikupimwa kwa makosa ya vita vya nyambizi.

Ninaposikia mtu akisema "vita ni vita", naikumbuka amri ile. Jambo lisilowezekana halihitaji kukatazwa. Dönitz alilikataza kwa sababu makamanda wake walikuwa wamelifanya, ndani ya vita hivyo hivyo.

Machi 8, 1943, mashariki ya Barbados, ndege ya Marekani iliizamisha U-156. Wanamaji wa ndege waliona watu wachache wakielea, wakawadondoshea boti la mpira na chakula. Manowari ilitumwa kuwatafuta. Hawakuonekana tena.