Bibi, Penseli na Mnara Nusu

Jumapili hapa Heidelberg, Ujerumani, bibi mmoja mwenye daftari la kuchorea alinifukuza. Kwa adabu zote, lakini alinifukuza: nilikuwa nimemkingia mnara wa ngome ya mji. Na mnara wenyewe nusu! Askari wa Ufaransa waliulipua kwa baruti mwaka 1693, pande kubwa likaporomokea handakini, na hadi leo limelala palepale. Ndilo alilokuwa akilichora.

Mie mzaliwa wa Kilwa, kwenye magofu yetu wenyewe, leo nasogezwa kwa ajili ya gofu la wengine.

Haya, mshaanza: "Kala soseji miaka sita, sasa anatufunza." Ngojeni kwanza. Sijasema Wajerumani wametuzidi akili. Radi ilipoiunguza ngome hii mwaka 1764, wenyeji walibeba mawe yake wakajengee nyumba. Tabia hiyo mnaijua, tusitajane. Aliyewakatalia hakuwa hata Mjerumani, alikuwa Mfaransa, tena kabila la hao hao waliolipua! Charles de Graimberg alifika 1810 kuchora tu. Akanogewa. Akahamia ngomeni kulinda mawe, michoro yake ikachapwa na kuuzwa kwa wageni, na hakuondoka mjini hapa hadi alipokufa 1864. Baadaye Turner, Mwingereza, naye akaichora ngome imezama kwenye jua la machweo, utadhani haijawahi kuungua. Magugu, nyufa, vifusi, kwao wachoraji hao vyote vilikuwa mali.

Sasa njooni Husuni Kubwa, gofu la jumba la kifalme kule Kilwa Kisiwani. Birika la kuogea lenye pembe nane, la karne ya 14! Jumba la Ottheinrich ndani ya ngome hii, ambalo watalii wanalikodolea macho, lilianza kujengwa 1556. Tumewatangulia kwa zaidi ya miaka mia mbili. Nani kalichora birika letu? Pita maduka ya michoro Dar: twiga, Kilimanjaro, twiga tena. Na msiniambie UNESCO waliorodhesha magofu yetu tangu 1981. Nasema mtu kukaa juani na penseli, akalitazama jiwe mpaka jioni.

"Tutakula michoro?" Graimberg aliuza yake, nanyi twiga mnawauza. Kwa nini birika lisiuzike?

Basi nimenunua daftari. Nikajaribu birika kwa kukumbuka, pembe zikatoka saba. Nikampigia binamu yangu wa Kilwa Masoko, upande wa bara, avuke kisiwani anipigie picha.

"Nauli ya boti," akaniuliza, "anatoa nani?"