Mchicha wangu, mizani nane na ndugu zangu

Jamani mimi sina makuu. Nataka kitu kimoja tu, jioni nikitoka kazini nikae kwenye kigoda changu pembeni ya tuta la mchicha, chai ya rangi mkononi, nitunge ubeti mmoja. Mmoja! Sio utenzi wa beti mia tatu. Ubeti wa mishororo minne, vina kati na mwisho, mizani, yaani silabi, nane kwa nane kama wazee walivyotuachia. Huu mwezi wa pili niko mshororo wa pili.

Bustani yenyewe msidhani ni shamba, matuta matatu tu nyuma ya nyumba huku Chanika. Moja mchicha, moja matembele, la tatu lilikuwa la bamia ila siku hizi ni la kuku wa jirani, wanaoga mavumbi humo kama wamelipia. Na mpapai. Aisee huo mpapai. Nimeumwagilia miezi saba, nimeutambia kwa wageni, ukaja kutoa maua, kumbe yale yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni, yaani dume! Mjomba alishaniambia panda miche mitatu shimo moja, ikitoa maua ndo ung'oe madume ubakize jike, nikajifanya mjuaji nikapanda mmoja. Jirani mwenye kuku akaja na utaalamu wake eti gonga msumari kwenye shina utazaa, nikagonga, sasa hivi nina mpapai dume wenye msumari. Mama watoto kafunga kamba ya kuanikia nguo kwenye huo huo msumari, na kila akianika ananiuliza "Baba Nasra, mwenzio hajambo?"

Mchicha sasa, mchicha hauna maringo, ukimwaga mbegu leo wiki tatu nne unachuma. Ila awamu ya kwanza nilibeba mbolea ya kuku mbichi kabisa, ya moto toka bandani, nikamwaga nikijua naupendelea, baada ya siku mbili majani yote ya njano yamekunjamana kama yamemwagiwa maji ya betri. Kumbe ile inatakiwa ilale kwanza ioze. Hakuna aliyeniambia, au niseme ukweli, mama watoto aliniambia, mi nikamwambia kilimo niachie mimi.

Awamu ya pili ikatoka bwana! Asubuhi unasimama pale na mswaki mdomoni, umande umekaa juu ya majani, udongo unanukia ile harufu ya jana umemwagilia, yaani unajisikia kama waziri wa kilimo kaja kukagua na ukimgeukia waziri mwenyewe ni wewe. Hapo ndo maneno yakaja yenyewe: Mchicha wangu mzuri, nakuona ukimea. Nikaongeza, majani yako yapunga, moyo wangu walegea. Nikampelekea Nasra, yuko kidato cha pili, ushairi ndo wanasoma. Kaangalia mara moja tu. "Baba, vina vya kati vimepotea, hilo ni guni, shairi lililovunja kanuni." Guni! Mimi ninayelipa nauli ya kwenda kuyajua hayo maneno! Nikarudi kwenye kigoda nikakuna kichwa, nikabadilisha mzuri ikawa mchanga, nikahesabu kwa vidole, m-chi-cha-wa-ngu-m-cha-nga, nane, maana hiyo m ikisimama peke yake nayo ni mizani. Nasra akaguna akasema haya, endelea.

Niendelee saa ngapi? Maji ya bomba yanatoka usiku wa manane siku yanayojisikia, kwa hiyo nambeba dumu la lita ishirini kama mwanangu wa nne. Kitinda mimba naye kaona kalamu tu, baba nichoree gari. Shemeji anakuja kuchaji simu. Na mkwe, toka Idi kaja kusalimia bado anasalimia. Mama huyu anaamka kabla ya adhana, mi nikitoka na mswaki wangu nikute tuta la matembele limebaki vijiti, yeye kakaa anamenya vikonyo. Sasa mkwe unamwambia nini? Unasema "Shikamoo mama, naona umewahi," unarudi ndani na huzuni yako. Halafu mchana yanakuja mezani, yamepikwa kwa nazi nzito na dagaa wamekaangwa pembeni, ugali wa moto, ukimeza tonge la kwanza unaanza kumtetea mwenyewe moyoni.

Jumamosi jioni nikasema leo ni leo. Nikaliacha daftari kwenye kigoda dakika mbili nikafukuze kuku. Narudi, nakuta ubeti umekwisha. Mwandiko wa mama watoto, kwa penseli ya nyusi:

Mchicha wangu mchanga, nakuona ukimea,
Majani yako yapunga, moyo wangu walegea,
Nyumbani hakuna unga, na watoto wangojea,
Inuka ewe malenga, duka utachelewea!

Nikakaa chini kuutafutia kosa. Nikahesabu, nane. Nikarudia kipande cha pili, nane. Vina vya kati nga, nga, nga, nga. Nimekwama miezi miwili, mwenzangu kamaliza huku anasonga... hapana hata hakuwa anasonga, unga haukuwepo! Dirishani nasikia wanacheka watatu, yeye, Nasra na mkwe, tena mkwe ndo anarudia kwa sauti ya kughani.

Nikaenda dukani kwa Mangi na kandambili zangu, njia nzima naendelea kuhesabu, lazima kuna mahali kazidisha. Mangi akauliza kilo ngapi, mimi macho juu vidole hewani, du-ka-u-ta-che-le-we-a. Akanipimia kilo nane. Mfukoni nina hela ya mbili, sita kaniandika kwenye daftari lake.