Mgonjwa wa saratani ya titi apewe mwenzake siku ile ile ya majibu

Mwanamke akiambiwa kwamba uvimbe ulio kwenye titi lake ni saratani, hospitali humpa karatasi nyingi kuliko maneno. Hii ya damu, hii ya picha ya kifua, hii ya kumwona daktari wa upasuaji, hii peleka dirisha la SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Anatoka nazo nje, jua linawaka, matatu za Kisauni zinaita abiria kama kawaida, na hakuna mtu aliyemkutanisha na mwanamke mwenzake aliyekwisha kuipita njia hiyo. Mimi naliona hilo kuwa pengo katika matibabu yenyewe. Hospitali zetu za Mombasa zinaweza kuliziba bila mashine mpya na bila jengo jipya.

Mimi siugui. Haya nimeyajua kwa kumsindikiza wifi yangu, mke wa kaka yangu, tangu alipotolewa kipande cha nyama kwa uchunguzi mpaka kemo, yaani zile dawa kali za kuua seli za saratani, na upasuaji. Siku ya kemo huisha yote hospitalini. Mnafika alfajiri, anatolewa damu, mnangoja majibu yaonyeshe kama mwili unaweza kuibeba dawa, ndipo atundikiwe dripu. Katika kungoja huko, benchi huwa darasa, na walimu ni wale waliotangulia.

Mama mmoja wa Likoni, aliyekuwa anakaribia kumaliza dozi zake, alimwona wifi anafungua mfuko wa viazi karai. Wifi na viazi karai ni tangu utotoni. Yule mama akamshika mkono. "Shoga, siku ya dawa usile unachokipenda. Utakitapika, na ukishakitapika hutakitaka tena hata kwa kukiona. Kula kitu usichokijali." Wifi akavirudisha mfukoni, akala mkate mkavu. Baadaye nesi alinithibitishia: mwili huunganisha ladha na kile kichefuchefu, na mtu anaweza kukichukia chakula hata baada ya dawa kuisha. Nesi alilijua, lakini ana wagonjwa wengi na mikono miwili. Aliyekuwa na nafasi ya kulisema kwa wakati wake alikuwa yule mama.

Ni yeye pia aliyemtahadharisha kuhusu ile dawa nyekundu, doksorubisini. "Ukienda chooni utauona mkojo mwekundu. Si damu. Ni rangi ya dawa, kesho au kesho kutwa inaisha." Sasa mfikirie mwanamke ambaye hakuambiwa hivyo, yuko Mtongwe usiku wa manane, umeme umepotea, anamulika choo kwa simu na kuuona wekundu ule.

Nywele zilipofika wakati wa kutoka, kama wiki mbili au tatu hivi baada ya dozi ya kwanza, wenzake walikwisha kumshauri anyoe kabla hazijaanza kubaki kwenye mto. Mmoja wao akaja nyumbani na wembe wake. Baada ya upasuaji likaja suala la mkono. Mtu akitolewa tezi za kwapani, majimaji ya mwili huweza kukwama na mkono ukavimba, wakati mwingine miaka mingi baadaye. Karatasi ya hospitali ilisema aepuke kubeba vitu vizito. Mombasa hii, ambapo maji ya mfereji hupotea na tunanunua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni! Mwanamke asiye na binti mkubwa wala msaidizi wa nyumbani anaifanyia nini karatasi hiyo? Wenzake walimfundisha kugawa maji kwenye vidumu vya lita 5, kuubebesha mkono wa pili, na kila asubuhi kusimama karibu na ukuta akitambaza vidole kwenda juu, halafu kuweka alama ya chaki pale vilipofikia. Ukuta wa chumba chake ulijaa mistari ya chaki, mmoja juu ya mwingine. Kisha mwingine akamletea sidiria yenye mfuko wa kitambaa uliotiwa mtama, kwa sababu pamba ni nyepesi, mtu akiinama hupanda juu na kumwaibisha.

Sisi wa nyumbani hatuwezi kuzifanya kazi hizo, hata tumpende vipi. Hatuzijui. Na kuna lingine zito zaidi. Mgonjwa akitamka nyumbani kwamba anaogopa kufa, watu wote humrukia: usiseme hivyo, utapona inshallah, mtegemee Mungu. Tunayasema kwa mapenzi, na Mungu kweli ndiye wa kutegemewa, lakini mazungumzo yameishia hapo. Benchini akisema anaogopa kufa, aliye kando yake hujibu, "Hata mimi," na wanaendelea. Wataongea watoto wabaki na nani. Wataongea mume ambaye siku hizi analala sebuleni. Wataongea shamba limeandikwa jina la nani. Nimewasikia wakiyazungumza hayo kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaopanga safari ya arusi, na nimemwona wifi akirudi nyumbani amepumua.

Lakini nataka tuseme kweli tupu, maana wapo wanaoutangaza urafiki kama vile ni dawa ya kuponya. Mwaka 1989 daktari wa akili David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 86 ambao saratani ya titi ilikuwa imewasambaa mwilini. Waliokutana kila wiki kuzungumza waliishi kwa wastani karibu mara mbili ya muda wa wenzao. Habari ile ilienea dunia nzima. Kisha mwaka 2001 ukaja utafiti mkubwa zaidi kutoka Kanada, wa wanawake 235, na haukuona umri wowote ulioongezeka. Spiegel mwenyewe aliporudia kazi yake, matokeo ya 2007 hayakuonyesha tena faida ile kwa jumla. Jambo ambalo utafiti wa Kanada uliliona ni hili: wanawake wa vikundi walipungukiwa na dhiki ya moyo na maumivu, hasa wale walioanza wakiwa wameelemewa zaidi. Kwangu linatosha. Dawa ya maumivu nayo haimwongezei mtu umri, na hakuna daktari anayeiona anasa.

Wala wazo la kumtuma mgonjwa aliyepona kwa mgonjwa mpya si geni. Terese Lasser wa New York alikatwa titi mwaka 1952, akatoka hospitalini bila kuambiwa aunyooshe vipi mkono wala avae nini kifuani. Akaanza kuwatembelea wanawake wengine wodini akiwa na mpira mdogo, kamba ya mazoezi na kitu laini cha kuweka ndani ya sidiria. Wapo madaktari walioona anaingilia kazi yao. Hakuacha, na mwaka 1969 Jumuiya ya Saratani ya Marekani ikaichukua kazi hiyo iwe yake.

Na sisi hapa hatuna haja ya kufundishwa kujikusanya. Bibi zetu wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, wakishindana kwa mavazi na nyimbo, na mle mle ndani ya vyama wakichangiana harusi na matanga. Leo kila mtaa, kuanzia Majengo hadi Mikindani, una mchezo wa fedha na una kikundi cha kuzikana. Mwanamke akifiwa, sufuria zinafika kabla hajaomba. Mbona akipata saratani ya titi hazifiki? Kwa sababu hasemi. Buibui linasitiri kifua, mtandio unasitiri kichwa, na jirani wa ukuta kwa ukuta anaweza asijue mpaka siku ya mazishi. Nimemsikia mama mmoja akisema hatasema lolote mpaka binti zake wawili waolewe, watu wasije wakasema ni ugonjwa wa ukoo. Hesabu yenyewe haimuungi mkono: saratani za titi zinazotokana na kurithi ni takriban 5 hadi 10 katika kila 100. Lakini wapeleleza posa hawabebi hesabu, na hofu ya mama huyo naielewa kabisa. Ndiyo maana hatuwezi kungoja wagonjwa watafutane mitaani. Makadirio ya mwaka 2022 yanaonyesha zaidi ya wanawake 7,000 nchini Kenya walipatikana na saratani ya titi mwaka huo mmoja. Wapo kila mtaa, wamefichika, na mahali pekee wanapoonana uso kwa uso ni hospitalini.

Kuna jambo linaniuma katika shughuli za Oktoba, mwezi wa kuhamasishana kuhusu saratani ya titi. Tunavaa nguo za rangi ya waridi, tunatembea, tunapiga picha, na anayepewa kipaza sauti ni aliyemaliza matibabu, anaitwa shujaa, tunampigia vigelegele. Anastahili. Lakini yuko wapi yule ambaye ugonjwa umemrudia, umeingia kwenye mifupa au ini? Ninamjua mmoja wa upande wa Kwale. Alipokuwa na matumaini ya kupona alialikwa kila mahali. Uliporudi, mialiko ikakatika, na mtu mmoja alithubutu kumwambia asije kikundini "asije akawavunja moyo wageni." Neno baya sana hilo. Mwanamke yule hakupungua ujasiri. Seli zimefanya kazi yake, na hakuna ushujaa wa moyoni unaozizuia. Huyo ndiye anayehitaji wenzake kuliko sote, tena anayo mengi ya kufundisha: namna ya kuishi na ugonjwa usioondoka, namna ya kumwambia mtoto wa darasa la nne, namna ya kumdai daktari dawa ya maumivu inayotosha. Kikundi kinachomfukuza ili kibaki na sura nzuri hakistahili jina la urafiki.

Nikubali pia kwamba si kila neno la benchini ni la kufuatwa. Nimemwona muuza unga wa mizizi akijipenyeza kati ya wagonjwa, kopo mkononi, akiahidi uvimbe utayeyuka bila kisu. Nimesikia mgonjwa akimshauri mwenzake aruke dozi moja "mwili upumzike." Kwa ugonjwa huu kuchelewa kunaua. Shirika la Afya Duniani linataka mtu awe amejua ugonjwa wake ndani ya siku 60 tangu afike kituoni mara ya kwanza, na angalau 80 katika kila wagonjwa 100 wakamilishe matibabu waliyoandikiwa. Mwenzake mgonjwa akielekezwa vizuri na hospitali ndiye mlinzi bora wa lengo hilo. Anajua kipi ni cha kusema mwenyewe na kipi ni cha kusema, "Hili twende tukamuulize daktari." Asipoelekezwa, nafasi yake atakalia mwenye kopo.

Naomba basi. Hospitali zinazotibu saratani hapa Mombasa, za serikali na za binafsi, ziwe na wanawake waliochaguliwa kati ya waliotibiwa, wapewe mafunzo na muuguzi na mshauri nasaha, na mmoja awepo siku za kutolewa majibu. Daktari akimaliza kueleza, aseme, "Kuna mama yuko chumba cha pili, naye alipitia haya. Ungependa kumwona?" Mgonjwa akikataa, aachwe. Akikubali, atafutiwe anayelingana naye kwa hali: mjane na mjane, mwenye mtoto wa kunyonya na mwenzake, na anayezungumza Kigiriama au Kiduruma asilazimishwe kumwaga moyo wake kwa Kiswahili cha mjini. Wanaotoka Lamu, Tana River na Taita Taveta wafikiriwe zaidi, kwa sababu hao hulala ugenini. Zamani mgonjwa wa Pwani aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alipanda basi la usiku mpaka Kenyatta, Nairobi. Leo mionzi ipo katika Hospitali Kuu ya Pwani. Mashine imesogea karibu, na wa kumshika mgonjwa mkono naye asogezwe.

Na wanawake hao walipwe nauli. Hapa nasisitiza, maana tumezoea kuona kazi ya mwanamke ya kumfariji mwenzake kama hewa, haina bei. SHA ilipoanza Oktoba 2024 iliweka kwa saratani shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Ni msaada mkubwa, lakini ndani yake hamna nauli ya mgonjwa, seuze ya anayemsindikiza. Yule mama wa Likoni alikuwa akivuka feri na wifi yangu kila walipoangukia siku moja ya dawa, kwa kuwa wifi ana jamaa ng'ambo ile anapopumzikia. Saa kumi na moja jioni, umati wa watu wa kazi unashuka mteremko wote kwa pamoja, joto limekaba, na wao wawili dawa iko mwilini bado. Walikuwa wakikaa kando kwenye kivuli mpaka msukumo upungue, ndipo washikane mikono washuke. Kuvuka kwa miguu ni bure, lakini tuktuk ya kutoka hospitalini si bure, na ya upande wa pili pia. Mara nyingi alilipa yeye, akiwa mgonjwa kama mwenzake.

Wifi yangu yuko tayari kuifanya kazi hiyo. Nawajua wengine walio tayari, Changamwe, Bamburi na Mtwapa, na yule wa Kwale pia amesema atakuja siku mifupa ikimruhusu. Kilichobaki ni mtu wa hospitali kuchukua kalamu na kuyaandika majina yao.