Mabaki ya sare za Tanga kwenye theluji ya Minneapolis

Desemba hapa Minneapolis, Marekani, jua linazama saa kumi na nusu jioni. Nyumbani Tanga, saa kumi na nusu ya huko kungali kweupe na cherehani ya mama inalia barazani, maana Desemba ni msimu wa sare. Shule zinafunguliwa Januari, wazazi wanamharakisha, na chini ya meza ya kukatia vinarundikana vipande vya mashati meupe na sketi za bluu. Nimekua nikiviona vikijazwa kwenye mito, vinavyobaki vikichomwa na takataka.

Safari iliyopita nilirudi na mfuko mzima wa vipande hivyo. Sasa vimekuwa mraba wa kwanza wa blanketi la viraka, na mraba wenyewe ni wa majira ya baridi.

Akina mama wa hapa ninaoshona nao huuita mtindo huu nyumba ya magogo. Katikati unaweka kipande chekundu, ambacho ndio moto wa ndani ya nyumba. Kisha unakizungushia vipande vyembamba, upande mmoja vya rangi nyepesi, upande wa pili vya rangi nzito. Vyeupe vyangu ni theluji, bluu ni huo usiku unaowahi. Chekundu nimekikata kwenye kisutu cha mama kilichochakaa, nikakifua mara tatu kwanza, maana kikichuja kinaharibu weupe wote.

Cha katikati nilikata inchi 2 na nusu, vya pembeni inchi 1 na nusu, mshono robo inchi kila upande. Mizunguko 5, vipande 20, na mraba ukishaungwa na wenzake unabaki inchi 12. Tetroni ya sare inateleza na haishiki mkunjo kama pamba, kwa hiyo kila mshono niliupiga pasi, ya moto wa wastani, kabla ya kuunga mwingine. Mshono ukizidi kidogo tu, ukifika mzunguko wa tano mraba umeshapinda.

Kinachoniuma ni hiki. Nyumbani kanga haitupwi ovyo: ikichakaa inakuwa mbeleko, kisha nepi, kisha dekio. Mikono tunayo, mabaki tunayo. Lakini kiraka tumekifanya aibu. Nilichekwa darasani kwa kiraka cha sketi, mama alichokishona usiku kwa taa ya chemli, na mpaka leo naona waliocheka walikosea. Huku watu wananunua kitambaa kipya dukani, wanakikatakata, wanakiunga tena, na blanketi likikamilika mtoto anakuja kulirithi. Sisemi huku ni bora kwa kila jambo. Wengi hushona peke yao, mlango umefungwa, hakuna mpita njia wa kuuliza hali wala wa kusifia mshono. Baraza ya mama naikosa kila siku. Ila heshima hii ya kipande kidogo natamani tuichukue, hasa mafundi wanaoshona sare, ambao rangi mbili hizi wanazo kila mwaka bila kununua.

Juzi nilimpigia mama, nikamweleza.

"Wanajifunika viraka, mwanangu? Na uwezo wanao?"

"Wanajifunika, mama. Vingine wanavitundika ukutani."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Basi vyeupe nikuwekee kiroba chake?"