Namba ya Siri Bombani

Anayeijua Idd Pili ya Dar es Salaam anajua kwamba ukifika kwenye bustani ya michezo ya maji saa nne asubuhi, umeshachelewa. Sisi tulifika saa tatu na robo. Mimi na wapwa zangu wawili, wa miaka kumi na miwili na wa miaka sita, na onyo moja kutoka kwa dada: "Wasishinde na njaa."

Chakula cha kutoka nyumbani hakiruhusiwi getini, na mkoba wetu ulikaguliwa mpaka mfuko wa dawa ya mswaki. Kwa hiyo chipsi zingenunuliwa humo humo. Simu yangu alibaki nayo yule mkubwa, kwa sababu simu na maji ya klorini havipatani.

Kwenye foleni ya bomba refu la kuteleza, kabla mchana haujafika, nilikuwa nimempa mpwa wangu mhadhara kamili. Mnara ule ni kama ghorofa nne, muda ulikuwepo. Nikamwambia: lala chali, kifundo cha mguu juu ya mwenzake, mikono ikumbatie kifua, kidevu kishuke. Usikae! Ukikaa, uzito wote unakwenda makalioni, unakamua ule utando mwembamba wa maji ulio kati yako na faiba ya bomba, mwendo unakufa. Ukigusa kwa mabega na visigino tu, unapaa. Na bukta iwe ya nailoni. Pamba inafyonza maji, inaburuza. Zipu na vishikizo vya chuma marufuku, vinakwaruza faiba, na mkwaruzo huo utakuja kumchana mgongo mtu mwingine.

Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye ngazi nao walisikiliza. Mmoja alikunja vifundo pale pale kwa mazoezi. Nilijisikia vizuri sana.

Saa saba mchana yule mdogo akaanza kulalamika njaa. Nikasema narudi bombani mara moja tu, ya mwisho. Kijana wa juu akaniambia, "Mzee, subiri filimbi." Akapuliza. Nikaenda.

Kona ya kwanza safi. Kona ya pili safi. Halafu muziki wa nje ukanyamaza.

Kilichotokea nilikuja kukijua baadaye. Kwa ajili ya sikukuu walikuwa wameweka jumba la upepo la kurukia watoto, lile ambalo feni yake haitakiwi kuzimwa hata dakika moja. Waya wa kuongezea umeme ulilazwa kwenye nyasi, njia wanayopita watoto waliotoka majini wakichuruzika. Soketi ikaingia maji, umeme ukavuja, na kile kifaa cha kukata umeme unapovuja kikafanya kazi yake kama kilivyoumbwa: kikazima laini nzima. Feni, muziki, pampu. Jumba likaanza kuwalalia watoto taratibu kama andazi lililotobolewa. Mama zao wakalikimbilia, na wafanyakazi nao wakalikimbilia. Bomba likabaki na mimi.

Bomba la kuteleza halina akiba ya maji. Pampu ikisimama, yaliyomo yanateremka yote kwa sekunde chache. Yalinipita chini ya mgongo kwa heshima zote, yakaniacha kwenye kile kipande kilicholazwa karibu usawa ili kupunguza mwendo kabla ya kona ya tatu. Upana kama sentimita 80. Hupigi magoti humo, hugeuki. Na ngozi yenye unyevunyevu juu ya faiba inayokauka inashika kama kandambili kwenye vigae.

Ikabidi nikae.

Kutoka chini ikaja sauti. "Ankoo! Upo?"

"Nipo!"

Sasa, bomba halitawanyi sauti kama uwanja. Linaibeba nzima nzima. Manahodha wa meli za zamani waliongea na chumba cha injini kwa njia hiyo hiyo. "Nipo" yangu nadhani ilifika kwenye maegesho.

"Dogo analia, anataka chipsi!"

"Nakuja!"

"Unakuja saa ngapi?"

Nikanyamaza kidogo.

"Anko, muuzaji anasema tulipe kwa simu. Namba ya siri ngapi?"

Nikaamua kunong'ona. "Ni mwaka aliozaliwa bibi." Bomba linabeba na minong'ono.

"Alizaliwa mwaka gani?"

"Si unajua? Tulimfanyia sherehe ya miaka sabini!"

"Ilikuwa lini?"

"Siku ile ya pilau ya mbuzi! 2022!"

Kimya. Halafu sauti ya mama nisiyemjua: "Elfu mbili ishirini na mbili, toa sabini..." Na umati ukaitikia kama darasa: "Hamsini na mbiliii!"

Nikaongeza juhudi. Visigino mbele, vuta, makalio yafuate, shibiri moja. Kila baada ya muda kuna kiungo, pale vipande vya faiba vilipofungwa kwa bolti. Maji yakiwepo hukisikii. Nilivisikia vyote. Bukta nayo ilitoa mlio kila nilipojivuta, na bomba likautangaza. Nje wakacheka sana, maana hawakudhani ni bukta.

Utaratibu ni kwamba pampu haiwashwi mpaka wa juu aseme wangapi wameingia na wa chini aseme wangapi wametoka. Wa juu alikuwa bado anavuta watoto chini ya jumba. Umeme uliporudi, pampu ikawashwa hivyo hivyo. Nilisikia maji kabla hayajanifika. Mgongo wangu ukayazuia, yakajaa nyuma yangu kama bwawa la Mtera wakati wa masika, kisha yakanitoa bombani nikiwa nimekaa wima, miguu mbele, macho wazi. Makofi yalipigwa.

Bukta ilikuwa na matundu mawili, moja kila upande. Yule mama wa hesabu akanitupia kanga nijifunge. Ilikuwa imeandikwa "Mdomo Uliponza Kichwa."

Wapwa zangu walikuwa wameshamaliza chipsi sahani tatu na mishkaki. Nikaichukua simu nibadilishe namba haraka, lakini kioo hakisikii vidole vilivyolowa, na kila nilichovaa kilikuwa kimelowa. Nikaikausha kwa pindo la kanga, nikabonyeza, ikakataa, nikakausha tena.

Muuza chipsi alikuwa ananitazama tu, mwiko mkononi.

"Baba," akasema, "bibi wa hamsini na mbili hajambo?"

"Hajambo," nikamwambia. "Anakusalimu."