Viziwi na karate Mwanza: ukumbi mmoja na wanaosikia, au darasa lao?

Kuna nukta moja kwenye mazoezi ya karate ambayo ndiyo imezaa mabishano haya yote. Mwamuzi anasema "yame", yaani acheni. Anayesikia anashusha mikono. Kiziwi aliye mbele yake hajapata habari. Ngumi yake ilishatoka kiunoni, inatua kwenye uso ulioachwa wazi. Ilitokea kwenye ukumbi ninaosaidia kufundisha hapa Mwanza. Damu puani, pamba, pole nyingi, mazoezi yakaendelea. Kesho yake baba wa kijana aliyepigwa akafika, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kwa nini hawa wasipewe siku yao?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Kabla sijalitoa, kiziwi mmoja, fundi cherehani mwenye banda lake Makoroboi, aliniandikia ujumbe wa simu akiomba kitu hichohicho. "Shikamoo sensei. Naomba viziwi tuwe na darasa letu." Yeye hakuwa na hofu ya ngumi. Aliandika kwamba amechoka kukisia.

Basi ombi ni moja, lakini baba anataka viziwi waondolewe na fundi anataka viziwi waelewe. Tukiwajibu wote wawili kwa neno moja, tutakuwa tumemkosea mmoja wao, na nina hakika atakayekosewa ni yule asiyeweza kuja ofisini kulalamika kwa sauti.

Nianze na ngumi, maana ndiyo inayopigiwa kelele. Baba ana haki ya kuuliza. Mtoto wake aliumia kweli. Lakini nilipolirudia tukio lile kichwani niliona makosa mawili, na hakuna lililokuwa la kiziwi. Karate ina kitu kinaitwa zanshin, kubaki macho hata baada ya pigo kwisha. Hushushi mikono kwa sababu umesikia neno. Unarudi nyuma, unamwona mwenzako naye ameacha, ndipo unashusha. Tunalihubiri hilo kila wiki, halafu tunawazoesha wanafunzi kutegemea sauti. Kosa la pili lilikuwa letu waamuzi: tulisimama pembeni tukipaza sauti badala ya kuingia kati.

Dawa yake haina gharama. Mwamuzi aingie katikati, na mkono wake uonekane kabla mdomo haujafunguka. Sanaa za Kijapani zenyewe zilishajiwekea ishara: kwenye judo, mkono ulionyooshwa juu ni ippon, pambano limekwisha, kiganja kilichoelekezwa mbele ni matte, subirini. Na judo, tangu Kano Jigoro alipoianzisha mwaka 1882, ni mchezo wa kushikana. Habari nyingi kuhusu mwenzako zinakufikia kupitia mikono iliyokamata nguo yake. Ukinipa kiziwi na mcheza judo mzuri wa kumfundisha, sioni pengo kubwa kati yake na mwingine yeyote.

Hata hivyo upande wa usalama una jambo la kweli ambalo wanaotaka viziwi wachanganywe hawapendi kulitaja. Kiungo cha kusikia na kiungo cha mizani ya mwili vyote viko ndani ya sikio. Mtu aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo anaweza kuwa amepoteza na sehemu ya mizani yake, kwa hiyo teke la kuzunguka, au zoezi la kufumba macho, kwake si sawa na kwa aliyezaliwa kiziwi mwenye mizani timamu. Yupo pia aliyepandikizwa kifaa cha kusikia, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017. Huyo hatakiwi kupigwa kichwani hata kwa utani. Mambo haya anaulizwa mtu mmoja mmoja, na mzazi wake, na daktari wake ikibidi. Hayatoi ruhusa ya kuwakusanya viziwi wote kwenye fungu moja la "hatari".

Hoja ya fundi ni nzito zaidi, na ndiyo iliyoninyima usingizi.

Sisi walimu tunapenda kuwasifu viziwi kwamba wanaiga upesi. Ni kweli wanaona. Watafiti wameonyesha kwamba watu waliokuwa viziwi tangu utotoni hunasa haraka mwendo unaotokea pembeni mwa jicho, na kwenye pambano hilo ni jambo la thamani. Lakini hebu mtazame kiziwi akicheza kata, yaani mfululizo wa hatua na mapigo uliopangwa, pamoja na darasa. Tulimweka mstari wa mbele, kushoto kabisa, karibu na mwalimu; tulidhani tumemfanyia wema. Heian Shodan, kata ya kwanza ya Shotokan, mtindo wetu wa karate, inaanza kwa kugeukia kushoto. Darasa zima likageuka, naye akabaki anatazamana na ukuta. Hakuna mwalimu, hakuna mwenzake, hakuna hesabu ya ichi, ni, san. Akageuza shingo kuchungulia nyuma, na kugeuza shingo hovyo kwenye kata ni kosa. Akakaripiwa. Aliyelitatua ni yeye mwenyewe: wiki iliyofuata alijipeleka katikati ya ukumbi, mahali ambapo ukigeukia upande wowote mbele yako kuna mgongo wa mtu.

Baada ya hapo akawa anakwenda na darasa bila kupishana. Tukampongeza. Tulikuwa hatujaona tatizo lenyewe.

Ndani ya kata hiyohiyo kuna hatua moja, baada ya kuzuia chini upande wa kulia, ambapo unavuta mkono kurudi kwako, unauzungusha, unaushusha kama nyundo. Fundi alikuwa akiicheza vizuri kuliko wengi. Siku moja, tukiwa wawili tu, nilimkamata kifundo cha mkono, nikakibana. Alinitazama, akautazama mkono wake, kisha akauvuta kwa mzunguko uleule nami nikauachia kwa maumivu. Alisimama kidogo. Akaurudia mara tatu hewani, taratibu, kama mtu anayesoma upya barua aliyokuwa ameikariri. Miezi minane alikuwa akicheza hatua ya kujinasua bila kuambiwa kwamba ni ya kujinasua. Wanaosikia walielezwa siku ya kwanza, kwa sentensi moja, mwalimu akiwa amewapa mgongo.

Hapo ndipo "kukisia" kunapopata maana. Ukumbi wa kuchanganyika, kama tunavyouendesha, unampa kiziwi umbo na kumnyima sababu. Anaweza kufika mkanda wa kahawia, ule unaotangulia mweusi, kwa kuiga tu. Hata tukileta mkalimani wa lugha ya alama, naye analipwa kwa haki yake, bado jicho haliwezi kuwa mahali pawili: ukimtazama mkalimani, umekosa mguu wa mwalimu, ukiutazama mguu, umekosa maelezo. Ni lazima mwalimu aseme kwanza, anyamaze, ndipo aonyeshe. Nimejaribu. Ni vigumu mno kwa mtu aliyezoea kuongea huku anacheza.

Halafu kuna mambo ya mahali. Nimesoma ushauri kwamba mwalimu apige mguu sakafuni ili kiziwi auhisi mtikisiko. Huo ni ushauri wa sakafu za mbao. Kumbi zetu nyingi ni saruji. Utapiga mguu hadi kisigino kivimbe na hakuna atakayegeuka. Kuwasha na kuzima taa kunafaa, umeme ukiwepo. Na kwa wanaofanyia mazoezi ufukweni, jua linapozama ziwani na giza kuingia saa moja jioni, anayesikia anaendelea na nusu saa nyingine kwa sauti ya mwalimu. Kwa kiziwi somo limekwisha, kwa sababu mikono haionekani tena.

Kwa hayo yote, darasa la viziwi lina faida ambayo sikuitarajia. Tulipowaachia Jumamosi moja wakae peke yao wakiongozwa na fundi, walitumia karibu saa nzima kutafuta alama za mapigo. Mawashi geri, teke la kuzunguka, waliionyesha kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, vikisimama kama miguu juu ya kiganja cha kushoto, kimoja kikizunguka na kupiga. Ilikataliwa na wawili, ikarekebishwa, ikapigiwa makofi ya viziwi, mikono juu ikitikiswa. Nilikaa pembeni bila kuelewa nusu ya yaliyosemwa, na nikatambua kuwa hivyo ndivyo wanavyokaa wao siku nyingine zote. Lugha ya ufundi huzaliwa pale watu wenye lugha moja wanapobishana. Viziwi wawili ndani ya darasa la watu thelathini hawana wa kubishana naye.

Wanaotetea darasa la peke yao wana ushahidi mkubwa nje ya nchi. Michezo ya viziwi ya dunia, Deaflympics, ilianza Paris mwaka 1924, na karate, judo na taekwondo viliingizwa mwaka 2009 huko Taipei. Anayeshindana lazima awe amepoteza usikivu wa angalau desibeli 55 kwenye sikio lililo zima zaidi, na visaidizi vya kusikia huvuliwa kabla ya pambano. Michezo ya Novemba 2025 ilifanyika Tokyo. Hayo yamejengwa na viziwi, kwa lugha yao, kwa zaidi ya miaka 100.

Lakini mtazame Matt Hamill wa Marekani, aliyezaliwa kiziwi. Alipata dhahabu ya mieleka ya Deaflympics, na pia alikuwa bingwa wa mieleka ya vyuo vya Marekani, daraja la tatu, mara tatu, akishindana na wanaosikia. Kisha akaingia UFC, mashindano ya kulipwa ya ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja. Chuo alichosoma, Rochester Institute of Technology, kina ndani yake taasisi ya kitaifa ya ufundi kwa viziwi; yaani aliamka kila siku kati ya viziwi wengi na akatoka jasho na wanaosikia. Naamini mpangilio huo ulimjenga kuliko kama angepata upande mmoja tu.

Kwetu darasa la peke yao likiwa ndilo pekee litakufa. Viziwi wanaotaka karate ni wachache, kodi ya ukumbi ni ileile, na ukipigana na watu walewale watano mwaka mzima unazijua mbinu zao usingizini. Tena mama mmoja wa Igoma alinikumbusha kitu: binti yake kiziwi akivamiwa njiani, mvamizi atakuwa mtu anayesikia, anayetarajia kwamba huyu hawezi kupiga kelele. Binti huyo anahitaji kumfahamu mtu wa namna hiyo kwa mwili wake, ukumbini, kabla ya njiani.

Nikifika hapo najizuia, maana karate huuzwa kwa viziwi kama kinga, nami siiamini biashara hiyo moja kwa moja. Fikiria kijana kiziwi anarudi usiku. Walinzi wa mtaa, sungusungu kama walioanzia huku kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanamwita: "Simama!" Filimbi inapigwa. Hasimami. Anapoona kurunzi na marungu yamemzunguka, anakunja ngumi na kusimama kama tulivyomfundisha. Katika nukta ile tumempa sababu ya kupigwa. Na hata akipigana kwa haki na kushinda, atakayefika kituoni kwanza na kusimulia ni anayesikia. Kwa hiyo la kwanza tunalopaswa kumfundisha, akizungukwa usiku, ni viganja wazi usawa wa kifua, kisha kidole sikioni na kutikisa kichwa. Fundi anasema alama hiyo ilishamwokoa maeneo ya Mabatini. Hatukuwa tumemfundisha sisi.

Msimamo wangu ni kwamba viziwi wabaki kwenye ukumbi mmoja nasi siku zilezile, na waongezewe siku yao, inayoongozwa na kiziwi mwenzao aliyelipwa kama msaidizi mwingine yeyote. Siku ya ziada ni tofauti kabisa na ile ya baba, ya kuwaondoa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, kwenye kifungu cha 30 unayataja yote mawili pamoja: kushiriki michezo ya kawaida na watu wote, na kuandaa michezo yao wenyewe. Anayeng'ang'ania moja peke yake ameusoma nusu.

Baba nilimweleza hivyo. Hakuridhika sana, ila mtoto anaendelea kuja, na sasa hashushi mikono mapema.

Bado mtihani wa mikanda. Miaka yote kiziwi hucheza kata, tunampa alama za umbo, na sehemu ya maswali tunairuka, eti tusimsumbue. Safari hii fundi ameomba aulizwe kama wengine. Ataeleza kila hatua ya Heian Shodan kwa alama zao za Jumamosi, na mkalimani atakaa upande wa meza yetu, atutafsirie sisi watahini.