Ethiopia na Bahari Nyekundu: tusikimbilie kuiita mbabe

Kila ishu ya Ethiopia kudai njia ya kufika Bahari Nyekundu ikiibuka, watu wengi huku kwetu wanakuwa na hukumu tayari: waziri mkuu wake Abiy Ahmed anataka kupora nchi za watu, Ethiopia ndo mbabe wa Pembe ya Afrika, basi yameisha. Sikatai kwamba ubabe upo, nitaufikia, ila naona upande wa Ethiopia hausikilizwi kabisa, na ukiusikiliza kwa utulivu utakuta kuna jambo zito ambalo sisi wenye pwani kuanzia Tanga mpaka Mtwara hatujawahi kulazimika hata kuliwaza.

Hii ni nchi ya watu zaidi ya milioni 120, na kati ya nchi zote duniani zisizo na bahari hakuna inayoizidi kwa watu. Zamani haikuwa hivyo. Bandari za Massawa na Assab zilikuwa zake mpaka Eritrea ilipopata uhuru rasmi 1993, na hata baada ya hapo waliendelea kushusha mzigo Assab kama kawaida hadi vita ya mpakani ilipolipuka 1998. Mzigo wote ukahamia Djibouti na haujarudi. Leo zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya Ethiopia inayopita baharini inategemea Djibouti, yaani nchi moja, tena ndogo yenye watu milioni moja na kitu.

Hiyo asilimia 90 watu huwa wanaitaja halafu wanapita, mimi naomba tukae nayo kidogo. Chukua mbolea tu. Mkulima wa Gojjam au Arsi anasubiri mvua kubwa za Juni mpaka Septemba, na mbolea anayotumia karibu yote inatoka nje, ikimfikia Agosti haina kazi tena, msimu ushamwacha. Sasa hiyo mbolea inakuja na meli ikiwa haijafungwa, inamwagwa Djibouti, inajazwa kwenye mifuko hapo hapo bandarini, inapakiwa kwenye malori, malori yanapita mpaka wa Galafi, yanakatiza joto la Afar halafu yanaanza kupanda milima kuelekea nyanda za juu, mamia ya kilometa. Na kwenye gati hizo hizo, kwa malori hayo hayo, kuna mafuta, kuna ngano, kuna vyuma, kuna makontena ya nchi nzima. 2016 baada ya ule ukame mkubwa wa El Niño ngano ya msaada na mbolea zilifika kwa pamoja, gati zikajaa, malori hayatoshi, meli zikakaa nje wiki kadhaa zinasubiri zamu, na wakubwa ikabidi wachague kipi kitangulie, chakula cha mwenye njaa leo au mbolea ya chakula cha mwakani. Niambie serikali gani duniani ingekubali kuendelea kuishi hivyo bila kutafuta mlango mwingine.

Na wametafuta, hili ndo halisemwi. 2012 Meles Zenawi, waziri mkuu wa Ethiopia wakati ule, alikuwa Lamu na Kibaki na Salva Kiir kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari, barabara na reli wa kuiunganisha Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, gati la kwanza la Lamu likaja kuanza kazi 2021. Wakajenga na China reli ya umeme ya kilometa 750 hivi, ila nayo inaishia Djibouti kule kule. Wakaingia bandari ya Berbera, kule Somaliland (eneo la Somalia lililojitangazia uhuru), na hisa asilimia 19 pamoja na DP World, zikawaponyoka 2022 kwa kushindwa kutimiza masharti ya mkataba. 2018 Abiy akapatana na rais wa Eritrea Isaias Afwerki (upatanisho uliompa Nobel mwaka uliofuata), mpaka ukafunguliwa, watu wakakumbatiana barabarani, na ndani ya miezi michache vituo vya mpakani vikaanza kufungwa kimoja kimoja. Assab iko chini ya kilometa 100 kutoka mpaka wa Ethiopia. Emirati (Falme za Kiarabu) walipewa nafasi hapo wakajenga kambi ya kijeshi kwa ajili ya vita ya Yemen, wakakaa miaka kadhaa mpaka wakaondoka wenyewe 2021, lakini mzigo wa jirani wa milioni 120 haupiti. Na pale Djibouti kuna Wamarekani, Wafaransa, Wachina, Wajapani, Waitaliano, wote wana wanajeshi wao, halafu Ethiopia ikifungua mdomo kuhusu Bahari Nyekundu inaambiwa haikuhusu.

Sasa ubabe. Oktoba 2023 Abiy alisimama kwenye televisheni akaliongelea suala la bahari kama la kufa na kupona, akasema nchi yake haiwezi kuishi kwenye gereza la kijiografia. Tarehe 1 Januari 2024 akasaini makubaliano na Muse Bihi, rais wa Somaliland wakati ule, kilometa 20 za pwani kwa miaka 50, ikiwemo kituo cha jeshi la majini, na upande wa Somaliland ukatangaza kwamba malipo yake ni kutambuliwa kama nchi. Mogadishu hawakuulizwa. Hapo siwezi kumtetea hata kidogo. Msomali anakumbuka vita ya 1977 ya kugombea Ogaden, eneo la Wasomali lililo ndani ya Ethiopia, na majeshi ya Ethiopia yalivyoingia Mogadishu kwenye vita ya 2006, hawezi kusikia neno kituo cha kijeshi akaona bandari. Mueritrea naye kapigana miaka 30 kupata nchi yake, halafu tume ya mpaka ikampa mji wa Badme 2002 na Ethiopia ikaikatalia mpaka 2018, ukimwambia unataka bahari tu atakuuliza bahari ipi.

Kibaya zaidi ni azimio la Cairo la 1964, lile la kuheshimu mipaka tuliyoachiwa na wakoloni. Somalia ndo ililikataa wakati ule, Ethiopia ikalisimamia kidete kwa sababu lilikuwa linalinda Ogaden isichukuliwe. Huwezi ukalishika miaka 60 kama ngao halafu siku likikubana ukaanza kuongea habari za historia ya kale na haki ya asili.

Na matokeo yake yalikuja haraka. Agosti 2024 Somalia ikasaini mkataba wa kijeshi na Misri, ambayo ina ugomvi wake na Ethiopia wa bwawa la Nile, silaha zikaanza kushuka Mogadishu, yaani Ethiopia ilienda kutafuta bandari ikarudi na jeshi la Misri mlangoni. Ikabidi Erdogan wa Uturuki awaite Ethiopia na Somalia Ankara, Desemba 11 mwaka huo huo wakakubaliana kwamba mipaka ya Somalia itaheshimiwa na Ethiopia itatafutiwa njia ya baharini chini ya mamlaka ya Somalia.

Watu wa Dar tuna mfano wetu. Zambia ilipobanwa na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) baada ya walowezi kujitangazia uhuru 1965 haikudai kipande cha pwani yetu, lilijengwa bomba la mafuta la TAZAMA 1968, ikaja reli ya TAZARA 1975, kilometa 1,860. Wengi wanautumia huo mfano kumsuta Abiy, na ni sawa, ila wanasahau nusu ya pili: Kaunda alikuta upande huu kuna Nyerere aliyeliona tatizo la Zambia ni lake pia. Kule Asmara, mji mkuu wa Eritrea, Ethiopia imemkuta nani?

Kwa mtazamo wangu kinachoharibu hesabu yote ni hilo jeshi la majini. Liweke pembeni hata kwa miaka 20, uone kama madai mengine hayajadiliki: mkataba mrefu wa kibiashara, bendera ya mwenye nchi, forodha ya mwenye nchi, tozo zinazojulikana mapema, na chombo cha usuluhishi mkikorofishana. Agosti hiyo hiyo ya 2024 Djibouti ilijitolea kuiachia Ethiopia uendeshaji wa bandari ya Tadjoura, kama kilometa 100 tu kutoka mpakani. Bado ni Djibouti ile ile, utegemezi haujaisha, lakini ni gati ambazo mzigo wa Ethiopia hauzipigi foleni na mtu, na ningekuwa Addis ningeanzia hapo kabla ya kumtajia Mueritrea jina la Assab tena.